Begi Lililoota Miguu

Leo nimeadhirika. Nimeadhirika njia kuu, mchana kweupe, mbele ya wageni na wenyeji, na hapa naandika nikiwa nimejifungia chumbani. Isikieni kwangu kabla hamjaisikia kwa watu, maana huko nje imeshatiwa chumvi.

Wengi wenu mnajua kuwa nilikuwa naomba kazi ya kuongoza wageni. Si wale wanaokuja kuzamia na kutazama matumbawe ya hifadhini, hao wana watu wao. Hawa ni wageni wa kutembea kwa miguu: siku nne, kutoka kwetu Utende mpaka Ras Mkumbi, ncha ya kisiwa, kwenye mnara wa taa, mnalala kwenye mahema, kila mtu na mzigo wake mgongoni. Nafasi mbili, waombaji watatu. Wawili wanaume walioizoea njia hiyo tangu wadogo, wa tatu mimi, mwanamke peke yangu, ambaye nguvu yangu kubwa ni Kiingereza. (Kumbukeni hapo kwenye Kiingereza.)

Kiongozi wetu ni Mzee Hamdani. Mtu mzima, maneno machache, akikutazama unakumbuka madhambi yako yote. Alituambia kila mtu aje leo na begi lake limejaa, kilo kumi na nne, tutembee mpaka Kiegeani na kurudi, atuone. Akatupa na masharti. Begi lilingane na urefu wa mgongo. Liwe na mkanda mpana wa kiunoni, kwa sababu mzigo wa siku nne hubebwa na kiuno, si mabega. Lisigandane na mgongo, upepo upite. Na maji yakae mahali pa kufikiwa na mkono.

Mimi nyumbani nilikuwa na begi moja, la shule, lina picha ya paka.

Juzi nikaenda Kilindoni kwenye mitumba. Nilizunguka mpaka miguu ikawaka moto. Mabegi yote ama ya laptopu, ama yamekatika mikanda. Mwisho kabisa, kwa muuzaji mmoja aliyekuwa anafunga vitu vyake, nikaliona. La buluu. Lina fremu ya bati jepesi, mkanda wa kiunoni mpana kama kiganja, na juu lina kipaa cha kitambaa cha kuzuia jua. Nikalivaa. Jamani, lilinikaa kama nimeshonewa.

Muuzaji akaniambia hilo ni la Wazungu wanaopanda milima, na kwamba linapumua mgongoni. Ndani mlikuwa na kimkanda kingine kilichopishana kama msalaba, nikajua hicho ni cha kubana nguo zisicheze. Mbele kulikuwa na kimto laini, nikajua hicho ni cha kulalia ukifika kambini. Pembeni palining'inia vitu viwili kama vikanyagio vya baiskeli. Muuzaji alisema ni vya kufungia chupa za maji, na mimi nikatikisa kichwa kama mtu anayejua.

Kasoro moja tu. Chini, kulia na kushoto, kulikuwa na matundu mawili makubwa. Nikamuuliza ni nini. Akasema panya. Nilitaka kumuuliza ni panya gani huyo anayetoboa duara, tena anapinda na ukingo, lakini kulikuwa na mama mmoja ameshalishika begi upande wa pili. Nikanunua.

Jana nikalipeleka kwa fundi Sefu, yule wa cherehani anayekaa njia ya kwetu. Aliligeuza begi mara tatu. Akasema, taratibu, kuwa matundu yale yamekusudiwa. Nikamwambia fundi, mimi nina usaili kesho, shona. Akashona. Uzi wa nailoni ulikuwa umemwishia, akatia uzi wa kawaida, na akaniambia mapema kuwa yeye hatalaumiwa.

Jioni nikapanga mzigo. Mzee Hamdani alisema tusibebe makopo, yanakula nafasi, basi nikachukua soksi mbili mpya za waridi, ndefu, moja nikaijaza karanga, ya pili choroko. Zikakaa chini kabisa, moja kila upande. Juu nikaweka blanketi, nguo, mchele, na juu kabisa sufuria dogo nimelifunika kichwa chini na kulizungushia kanga lisigongegonge. Kisha nikashusha kipaa. Mama alikuwa anakuna nazi, akanitazama nikizifunga zile soksi, akauliza kama nina hakika na mambo haya. Nikamwambia nina hakika. (Sikuwa na hakika hata ya jina langu.)

Leo asubuhi tukakutana. Nikampa Mzee Hamdani shikamoo, akaitika marahaba, akaanza kukagua mabegi. Ya wenzangu aliyapita haraka. Langu alilizunguka zima, akaushika mkanda, akavitazama vile vikanyagio vyenye chupa za maji.

"Hili umelipata wapi?"

"Kilindoni, Mzee."

"Hm."

Basi, hiyo "hm" ndiyo niliyotembea nayo mpaka Kiegeani. Kila hatua najiuliza: hm ya kupendezwa, au hm ya kuniacha?

Kwenda nilikwenda vizuri. Mzigo ulikaa kiunoni kama alivyotaka Mzee, wenzangu wakaanza kuhema mimi bado. Tukafika, tukanywa maji, tukageuza. Kitambo kidogo baadaye nikasikia nyuma yangu, kushoto, "ta". Halafu kulia, "ta". Kisha nikawa nahisi kitu kinanigonga nyonga, taratibu, kwa kupokezana, kushoto, kulia, kushoto, kulia. Nilijua kabisa ni uzi wa fundi Sefu. Lakini Mzee alikuwa mbele anaongoza, na alishasema mtu wa kusimamasimama hamtaki. Nikasema moyoni, ilimradi hakijaanguka kitu, twende. Nikabaki nyuma kidogo asije akageuka akaona.

Tukapishana na akina mama wawili wanatoka kwenye mwani. Mmoja akachungulia mgongoni kwangu, akasema, "Mashaallah." Nikamshukuru. Nikajua anasifu begi. Mbele kidogo bibi mmoja aliyekaa barazani akanipa hongera. Nikapokea, nikijua habari ya kazi imeshafika, na kwa kuwa kazi yenyewe sijaipata nikazidi kuingiwa na hofu. Bibi akauliza tangu lini. Nikamwambia nitajua leo. Akanitazama kwa muda mrefu.

Karibu na mageti ya hoteli, mgeni mmoja wa kike akaingia barabarani akawa anatembea sambamba na mimi. Mama wa Kizungu, kofia pana, mumewe nyuma na kamera. Anatabasamu, lakini si kwangu, kwa begi, na anachezesha vidole kulielekea. Nikaona Mungu kanileta palipo na bahati yangu. Mzee Hamdani yuko hatua thelathini mbele, anasikia. Sasa ni kumwaga Kiingereza.

Nanyi mnajua Kiingereza hakitofautishi sana mtoto mchanga na kitu. Neno ni moja, "it". Kwa hiyo alipouliza umri, mimi nikajua anauliza begi.

"Siku mbili," nikasema.

Akasimama. Akauliza tena kama ni siku mbili kweli. Nikamwambia ndiyo, lakini ni imara sana, na mzigo wote kilo kumi na nne. Tabasamu likapungua. Akauliza kama humo ndani kunapumulika, na jua hili. Nikafurahi, kwa sababu hilo nilikuwa nimelijibu moyoni tangu juzi. Nikamwambia wasiwasi asiwe nao, linapumua vizuri sana kwa upande wa mgongoni.

Akauliza, sasa kwa sauti ya chini, kama ni wangu.

"Sasa ni wangu," nikasema. "Nimenunua sokoni. Mwenyewe wa kwanza hakuhitaji tena."

Uso wake ukawa kama unga wa muhogo. Mimi nikadhani sijaeleza vya kutosha. Nikataka kumwonyesha kuwa ni mtu wa mipango, naangalia mpaka vitu vidogo. Nikaongeza, "Kulikuwa na matundu mawili, ila fundi ameyashona."

Yule mama akaruka akashika soksi.

Hapo ndipo niliposhusha macho, nikaona kwa mara ya kwanza alichokuwa anakiona yeye na kilichoonwa na Kiegeani nzima. Nyonga ya kushoto, mguu wa waridi. Nyonga ya kulia, mguu wa waridi. Vinono. Vinaning'inia.

Akaubinya mguu kuona kama una uhai. Ukalia "kra kra kra", maana ulikuwa ule wa karanga. Akapiga ukelele ambao nadhani waliusikia Chole ng'ambo ya maji. Akauvuta, mguu ukatoka wote, ukabaki mkononi mwake. Akauinua mkono mwingine akauingiza chini ya kipaa kutafuta kichwa. Akakipata, kimefunikwa kanga. Akakigonga. Kikalia kama sufuria, kwa sababu kilikuwa sufuria.

Mumewe akaja mbio akalivuta begi kunivua. Lakini mimi mkanda wa kiunoni nilikuwa nimeufunga sawasawa, kama tulivyofundishwa. Begi likaenda chini, na mimi nikaenda nalo. Nikalala chali katikati ya barabara ya Utende, miguu juu, nikilia kwa Kiingereza kwamba ni choroko, ni choroko. Watu wakatoka majumbani. Wa mwani wale wawili nao wakafika. Sikuwa na pa kuuweka uso.

Mzee Hamdani akarudi. Hakuuliza lolote. Alikifungua kifungo cha mkanda, akaniinua, akamtazama yule mgeni wa kiume, ambaye alikuwa ameshalifunua begi lote na anaonyesha kitu kimoja baada ya kingine akieleza. Mzee Kiingereza hakijui. Akaniambia nitafsiri.

Nani kati yenu amewahi kutafsiri aibu yake mwenyewe, neno kwa neno, mbele ya halaiki?

"Anasema," nikaanza, "begi hili ni la kubebea mtoto mdogo milimani."

"Matundu?"

"Ya kupitishia miguu, Mzee."

"Na hivi unavyotundikia maji?"

"Vya kuegeshea miguu."

"Na hiki kimto?"

"Cha kuegemeza shavu akilala."

Mzee akaitazama soksi iliyokuwa bado mkononi mwa yule mama.

"Na karanga?"

"Karanga ni zangu, Mzee."

Akanipa mgongo, akatazama baharini. Nilidhani amekasirika, nikaanza kuaga moyoni kazi yangu na mnara wa taa na kila kitu. Kisha nikaona mabega yake yanatikisika. Wenzangu wanasema hawajawahi kumwona akicheka tangu wamjue, na hata leo hawakumwona, waliona mgongo tu.

Yule mama alikuwa amekaa chini kwenye ukingo wa barabara. Nikamsogelea kumwomba radhi. Akanishika mkono, akaniambia kuwa wao nyumbani wana mtoto wa mwaka mmoja, wamemwacha kwa bibi yake, na siku zote hizi tangu wafike kila aendapo anaona watoto. Machozi yakamtoka. Mimi nikiwa na vumbi mpaka masikioni nikamfungulia ile soksi. Tukala karanga hapo hapo, yeye akilia na kucheka kwa pamoja.

Kumbe hao ndio wageni wa ile safari ya siku nne, inayoanza Jumamosi. Alipojua kuwa naomba kazi ya kuwaongoza akasema jambo kwa Mzee, na ikabidi nilitafsiri hilo nalo: anaomba niwe miongoni mwa watakaowaongoza, kwa sababu kila alichouliza nilimjibu kweli tupu, hata pale ambapo ingekuwa afadhali nidanganye.

Mzee akaliokota begi langu, akalikung'uta vumbi.

"Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi," akasema. "Utakuja kuchukua shanta langu. Hilo lako usije nalo."

Kazi nimepata. Nilitembea mpaka nyumbani nimelikumbatia begi kifuani, sikuthubutu kulirudisha mgongoni, na hilo nalo, nikifikiri sasa, halikunisaidia.

Maana habari ilifika kabla yangu. Mama nilimkuta amesimama mlangoni, mikono kiunoni, anataka kujua ni mtoto gani huyo wa siku mbili niliyemnunua Kilindoni. Nimemweleza mara nne. Mara ya tatu alielewa, ya nne alitaka tu kuisikia tena.

Na sasa hivi jirani yetu, Bi Mwatumu, amebisha hodi na chupa nzima ya uji wa pilipili manga, ule wa kumpa mzazi nguvu. Mama amejaribu kumweleza, yeye anasema hizo ni siri za nyumba, hataki kuzijua, ninywe tu ungali moto.

Nimeunywa wote. Mtoto sina, lakini njaa ninayo.