Mbuzi wa Shemeji na Alama Isiyoonekana

Jumatatu, 4 Machi
Mama mkwe, mwenye studio, katangaza leo. Picha itakayompendeza zaidi itatundikwa dirishani, na aliyeipiga atakabidhiwa kamera kubwa na kupewa kazi za harusi. Atakayeshindwa ni chumba cha pasipoti. Yaani mimi, kama kawaida! Nimechoka kuwaambia watu wasitabasamu. Mshindani ni mmoja tu: Shemeji, mdogo wa mke wangu, kitinda mimba, kipenzi cha mama. Kaleta picha ya mbuzi kasimama juu ya paa la teksi. Picha kali, sikatai. Roho iliniuma mpaka chai ikanishinda.

Jumanne, 5 Machi
Shemeji kaenda kula. Nikaichota picha yake kwenye kompyuta. Pembeni kaandika jina lake kwa herufi nyeupe. Nikalifunika kwa kipande cha paa nilichonakili palepale. Bahati mbaya kipande kikaja na kwato, mbuzi akawa na miguu mitano. Nikafuta mmoja, ikaondoka miwili. Nikachora mwingine. Kazi safi! Hata mama yake mbuzi asingejua. Nikaongeza na mwezi, kwa ajili ya urembo, nikaiwasilisha kama yangu.

Jumatano, 6 Machi
Balaa! Mama mkwe kajikuta na mbuzi wawili mezani. Kamwita fundi wa kompyuta, dada mmoja mpole asiyecheka. Akaeleza kwamba Shemeji huficha alama ya siri ndani ya vinukta vya picha zake, jicho haliioni. Nikacheka. Kisichoonekana kipo wapi? Akabonyeza kitufe. Jina la Shemeji likatapakaa mbuzi wangu mzima! Akabonyeza kingine, palipochezewa pakawaka nyekundu: paa, mguu, mwezi. Nikasema Shemeji ndiye mwizi, kaweka alama yake hata kabla sijapiga. Mama mkwe akauliza, kwa upole unaotisha, picha halisi iko wapi. Nikajibu kamera ilitumbukia mtoni. Akauliza kama si hiyo niliyoivaa shingoni.

Alhamisi, 7 Machi
Shemeji kapewa kamera kubwa. Mke wangu kasema nimemwaibisha mbele ya mama yake, kisha kanigeuzia mgongo. Nimeumia, kusema kweli. Lakini akili haijalala: kumbe alama ya siri ni silaha! Programu nimeipata. Kuanzia leo kila picha ya pasipoti itabeba jina langu ndani kwa ndani. Nguvu ya alama nimeiweka mpaka mwisho, ili ishike.

Jumatatu, 11 Machi
Ofisi ya pasipoti imezirudisha picha zote tulizotuma. Mashine yao inasema zimechezewa. Wateja wamejaa mlangoni, na bibi mmoja anataka kujua vipele hivyo vya usoni pichani kavitoa wapi. Mama mkwe kaapa: kesho fundi atasoma alama iliyomo, na mwenye jina atafungasha virago, awe mkwe asiwe mkwe. Jasho lilinitoka! Kisha nikatulia. Nimezifungua picha zote upya, nimefuta jina langu na kupachika la Shemeji. Yuko harusini tangu Ijumaa, hata kujitetea hawezi. Na chumba cha pasipoti nafanya kazi peke yangu, haingii mtu mwingine, kwa hiyo hakuna aliyeniona. Safari hii wamepatikana!