Malalamiko Dhidi ya Studio Iliyonipa Uso Usio Wangu

Kwa Mwenyekiti,
Chama cha Wapigapicha wa Kianjokoma na Manyatta.

Mheshimiwa Mwenyekiti,

KUH: UREMBO NILIOPEWA BILA IDHINI YANGU

Natumai barua hii itakukuta ukiwa na afya njema na nafasi ya kuketi. Mimi ni mhitimu wa Shahada ya Sosholojia, na ninaandika kwa masikitiko kumhusu mwanachama wako, Bwana Runji, mwenye studio iliyo mkabala na soko la Kianjokoma. Nisipopata haki kabla ya Krismasi, nitakosa mke. Naomba kufafanua.

1. Nilipigwa picha kwake nikiwa nimevaa joho la mahafali. Aliponikabidhi, kovu la panga nililopata nikikatia ng'ombe nyasi lilikuwa limetoweka, shingo imerefuka, na mashavu yana nuru ambayo ukoo wetu haujawahi kuwa nayo. Cucu, nyanya yangu, aliitazama ukutani kwetu, akamwuliza mama kama huyo mgeni amepewa chai.

2. Bila idhini yangu, alitundika nakala kubwa dirishani, kando ya picha ya Karambu, mwalimu wa Kanyakine aliyesomea Embu. Kuhusu picha ya Karambu sina lalamiko. Ni dhahiri kwamba hiyo hakuigusa, kwani uzuri wa aina ile hauhitaji kompyuta.

3. Karambu alipopita na kuuliza kijana wa kando yake ni nani, Runji alimpa nambari yangu ya simu pasipo kunishauri. Huu ni ukiukaji wa faragha. Tulizungumza kila jioni, tukapendana, tukaafikiana kuoana Krismasi hii, jambo linalozidisha uzito wa kosa. Kwa kuwa kila mmoja alikwisha kumwona mwenzake dirishani, hatukuona haja ya kutumiana picha nyingine.

4. Mwezi uliopita nilikwenda kwao kujitambulisha, nikiongozwa na mjomba wangu Gachoki. Baba yake, Mzee Kiunga, alikuwa na picha yangu ya dirishani kwenye simu. Mjomba aliponielekezea mkono, mzee alivaa miwani, akatazama simu, akanitazama mimi, kisha akasema, "Huyu nimemwona, mmekuja naye. Sasa mwenyewe atafika saa ngapi?" Nikaketishwa karibu na zizi pamoja na dereva. Msichana mmoja wa pale akatuletea chai. Nikamwomba kwa adabu zote aniitie Karambu. Alinikodolea macho, akaweka birika chini, akaondoka. Karambu hakujitokeza kamwe. Naamini alinichungulia dirishani akajificha, na tangu siku hiyo hapokei simu zangu.

5. Kutokana na hayo, naomba chama kimwamuru Runji aandamane nami hadi Kanyakine, akiwa na taa zake, athibitishe mbele ya wazee kwamba mimi ndimi. Akikataa, anirudishie kovu langu. Akishindwa pia, basi, kwa kuwa uso wa kwenye picha umekubaliwa na wakwe nao wangu umekataliwa, picha ipelekwe Kanyakine ikaoe, nami nibaki kama shahidi wake. Kitambulisho changu nitakisalimisha kwa chifu, kwani hakina kazi tena.

Nina imani na busara yako. Nisalimie kamati nzima, mama watoto, na hata Runji mwenyewe, ambaye kama mtu sina kinyongo naye.

Wako katika kuudai uso wangu,
Muchangi, Shahada ya Sosholojia (Daraja la Pili, Juu).

Nyongeza: Nikiwa natafuta bahasha, Karambu amepiga simu. Yule aliyeleta birika ndiye yeye. Aliitambua sauti yangu mara tu nilipomtuma akajiite. Akaenda jikoni akalia, na majuzi akaanza kucheka. Baba yake amekubali turudi. Siku hiyo, kwa desturi, wasichana watafunikwa leso gubigubi nami nitatakiwa kumtambua mchumba wangu, naye ameahidi kukohoa. Kwa hiyo tafadhali usimchukulie Runji hatua yoyote. Ndiye atakayetupiga picha za harusi, na tumemsihi afanye vile vile alivyozoea. Cucu tu asimguse. Yafaa angalau mtu mmoja katika picha hizo ajulikane.