Kompyuta ya Mpwa Wangu Inaishi Vizuri Kunishinda

Al Qusais, Dubai

Kwa Dada Huda, mkubwa wangu na mwenye neno la mwisho katika ukoo wetu,

Assalaam alaykum. Sie huku wazima, na kwenu sina hofu. Hofu yangu ni sebule yangu. Nakuandikia kwa kalamu, kisha nitaupiga picha kila ukurasa bintiyo Arwa akusomee, kwa sababu sauti za simu unazifungulia mbele ya majirani, na haya ni ya ndani.

YAH: OMBI LA KUMWITA WAHID ARUDI UNGUJA

Dada, mwanao Wahid nampenda, hilo lijulikane mwanzo. Nilimpokea kwa mikono miwili alipopata kazi ya kuchora majumba kwa kompyuta kule Al Quoz. Mchana anachora ofisini, jioni anachora sebuleni kwangu, kwa kompyuta aliyoiunga mwenyewe, kubwa kama kabati la viatu. Inafanya kazi nzito na inapata moto. Sasa anataka kuipoza kwa maji, na tangu kabla ya Ramadhani anachagua: anunue mtambo uliokwisha kufungwa kiwandani, au aunge mabomba yake mwenyewe. Malalamiko yangu ni haya.

1. Ati maji hayawezi kupoa kuliko hewa ya chumba. Kwa hiyo kiyoyozi cha sebuleni kinawashwa kwa ajili ya kompyuta, si ya watu. Nje jua la Agosti linapasua kichwa, mie naangalia taarifa ya habari nimejifunika blanketi. Juzi nikapunguza ile baridi kidogo tu. Wahid akaja, akaishika kompyuta ubavuni kama anayepima homa ya mtoto, akairudisha baridi yake. Mimi hakunishika.

2. Maji yenyewe. Wajua majira ya huku: tangi liko juu ya paa, na bomba la baridi linatoa maji ya kuchemshia chai. Basi sote tunazima hita, maji yakae ndani yake yapoe, tukaoga kwa bomba la moto. Ndivyo ninavyoishi, naoga kinyumenyume. Kompyuta je? Imeshanunuliwa maji ya chupa, yasiyo na chumvi hata chembe, na mtambo wa kuyatia haujachaguliwa. Wahenga walisema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Huyu kayavulia nguo zamani, anayatazama tu.

3. Ushauri. Hapa ndipo panaponiuma. Amemuuliza Lawrence, askari wa mlangoni, Mganda mwema lakini kazi yake ni kufungua geti. Amemuuliza mtu wa Poland asiyemjua, kwenye mtandao. Mie nauza rejeta za magari Ras Al Khor tangu yeye hajazaliwa. Watu wanatoka Ajman kuja kuniuliza mimi. Nilipofungua mdomo tu, akasema, “Mjomba, hii si gari.” Kwa adabu kabisa, Dada. Afadhali angenitukana.

4. Nikasema nisiwe mtu wa kinyongo. Nikabeba rejeta ya lori dogo kutoka dukani, nikaisimamisha karibu na kompyuta apate kujifunza. Ameanikia taulo. Nikaona basi nimsaidie bila kumsumbua: zile chupa zake zote nikazitilia dawa ya kijani ya rejeta, maji yasije yakala chuma. Akazimwaga jikoni, akanunua nyingine. Asante hakusema.

5. Sasa tulitazame jambo hili kisheria. Kitu chenye sebule yake, maji yake, homa yake na tabibu wake wa Poland, hicho ni mtu. Mkataba wangu wa nyumba unataja watu wawili. Mwenye nyumba akija kuuliza, huyu wa tatu nimwambie ni nani, mkwe? Maana kwa namna Wahid anavyoiangalia, karibu utaambiwa upeleke posa dukani.

Kwa hayo, nakuomba kwa heshima zote umwite mwanao arudi kabla ya mwezi kwisha. Neno lako kwake ni amri. Ukisema rudi, atapanda ndege wala hatauliza. Mie nitabaki na rejeta yangu, sisi tunaelewana.

Nisalimie Arwa na mumewe, na Bi Najla wa chini, na yeyote atakayeuliza kama bado nipo. Mwambie nipo, nimehifadhiwa kwenye baridi.

Nduguyo mtiifu,
Taib

Baada ya sahihi: Dada, ukurasa wa kwanza nilikwisha kuutuma Wahid alipoingia kutoka kazini. Hakuvua hata viatu. Akaketi ubavuni mwangu, akanionesha picha mbili kwenye simu, ya mtambo wa kiwandani na ya mabomba, akasema, “Mjomba, nimechoka. Wewe ungechukua ipi?”

Niliziangalia sana. Miaka yote hii ya rejeta, na sikujua. Nikamwambia sijui. Akacheka, akanambia hata yeye hajui, na kwamba wote aliowauliza walikuwa wanajua mno. Ijumaa baada ya sala tunakwenda kuitazama hiyo mitambo pamoja.

Basi picha za barua hii mwambie Arwa azifute. Na kama ukurasa ule umeshakufikia ukamwita, mpigie tena umwambie mjomba wake hampi ruhusa.