Chupa Elfu Tatu na Sabini na Mbili kwa Boksi Moja

Jumatatu, 4 Machi

Mkuu wa karakana anastaafu! Meneja ametuita ofisini, mimi na shemeji. Amesema atakayerithi nafasi hiyo ataonekana kwa kazi ya wiki hii. Mashine ya kujaza sabuni ya maji na mashine ya kufunga maboksi ziongee zenyewe kwa zenyewe, mwisho Ijumaa saa nne asubuhi. Hadi leo dada wa zamu ndiye husimama katikati akizipungia mkono.

Ya kujaza ni yangu, miaka tisa sasa. Ya maboksi ni ya shemeji, kaka wa mke wangu, anayelala chumba cha nyuma nyumbani kwangu na kumaliza maji ya moto. Kila mashine ina kidhibiti, yaani kisanduku kinachoifikiria kazi yake. Changu cha kijivu, chake cha kijani. Kampuni mbili zisizosalimiana. Tutaviunganisha kwa waya wa Etheneti, ule ule wa kompyuta za ofisini.

Shemeji ametoka na vitabu vyote vya maelekezo kwapani. Mimi vitabu hivyo sisomi. Viliandikwa kwa ajili ya watu wasio na kipaji. Nafasi ni yangu.

Jumanne, 5 Machi

Siku ya ajabu. Kwenye mtandao kila kidhibiti hupewa anwani yake, namba. Changu nimekipa namba moja, kwa haki ya umri. Mtandao ukawaka, ukazima. Ukawaka tena, ukazima. Nimebadilisha waya mara tatu. Nimeikemea swichi, kile kiboksi kinachokutanisha nyaya za mtandao, mbele za watu.

Kumbe shemeji naye kakipa chake namba moja! Kila mmoja alikuwa na uhakika kwamba mwenzake atachukua mbili. Mezani mke wangu ameuliza kwa nini tusiwe tunaambiana. Tumejifanya hatukusikia, wote wawili tukaomba chumvi kwa mpigo. Kesho anachukua mbili yeye. Amekubali haraka mno, sijui anapanga nini.

Jumatano, 6 Machi

Zimeunganika! Taa zote kijani. Yangu inatakiwa kuiambia yake boksi moja lina chupa ngapi. Nikaandika 12.

Chupa kumi na mbili zikaingia. Boksi halikufungwa. Ishirini. Hamsini. Zikaanza kuanguka, sabuni ikatapakaa sakafuni. Dada wa zamu akateleza kutoka mlangoni hadi dirishani akiwa wima, bila kupoteza heshima yake hata kidogo. Tukakimbilia skrini ya shemeji. Eti inasubiri chupa 3,072! Kwa boksi moja!

Nimesema kwa sauti, watu wote wakisikia, kwamba mashine yake haijui kuhesabu. Shemeji akapindua ndoo tupu. Amekaa juu ya ndoo, akafungua kitabu. Wakati wa kula hata nyama hakuongeza, na shemeji huongeza nyama hata akiwa na homa. Roho imenisuta kidogo. Kisha nikaikumbuka nafasi.

Alhamisi, 7 Machi

Mimi ni bingwa!

Wenzangu walipokwenda kula, nilibaki. Nikatuma 1, kule ikafika 256. Nikatuma 2, ikafika 512. Nikajikuna kichwa. Nikajiambia, ngoja nitume ule upuuzi wenyewe. Nikaandika 3,072. Ikafika 12! Kwa nini? Sijui, wala sitaki kujua. Nikapitisha chupa kumi na mbili, boksi likajifunga taratibu. Nimelikumbatia.

Nimeifunika skrini yangu kwa karatasi: USIGUSE. Shemeji sijamwambia. Ataona kesho pamoja na wengine. Mke wangu nimemwomba anipigie pasi shati la buluu. Amepiga pasi na la kaka yake.

Ijumaa, 8 Machi

Saa nne kamili. Meneja mbele, kiwanda kizima nyuma yake. Nilitoa hotuba fupi kuhusu kipaji. Nikabonyeza.

Kumi. Kumi na moja. Kumi na mbili. Kumi na tatu.

Chupa zikajaa, zikamwagika, kiatu cha meneja kikameza sabuni. Skrini ya shemeji: 3,072. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Meneja akauliza nani amegusa mitambo.

Shemeji akanyoosha mkono. Akasema alifika alfajiri, akabadilisha kidhibiti chake. Amesoma vitabu vyote viwili: namba husafiri ikiwa vipande viwili, na kidhibiti chake huanza na kipande cha nyuma, changu huanza na cha mbele. Basi amekiamuru chake kivigeuze. Meneja akauliza kwa nini hakusema. Akajibu, akitazama chini, kwamba alitaka jaribio langu lifaulu na lionekane ni kazi yangu, maana angeniambia ningenuna.

Ningenuna kweli.

Ningeweza kunyamaza. Lawama zote zilikuwa zimemwangukia yeye, na nafasi ilikuwa inanitazama. Ila nilimwona amesimama pale na shati lake lililopigwa pasi, nikashindwa. Nampenda huyu mtu, basi. Nikabandua karatasi, kila mtu akaona 3,072 yangu. Kila mmoja alikuwa ametengeneza, na kila mmoja akaharibu alichotengeneza mwenzake. Nikaandika 12. Boksi likafungwa. Hakuna aliyepiga makofi isipokuwa dada wa zamu, naye safari hii alikuwa amekaa chini.

Jumamosi, 9 Machi

Nafasi amepewa shemeji. Meneja amesema anataka mtu anayesoma.

Shemeji ameipokea kwa sharti moja: mimi niwe msaidizi wake. Amesema hakuna mwingine ambaye angeweza kuipata ile 3,072 kwa kubahatisha. Nimelia kidogo. Nimesema ni sabuni.

Nyumbani mke wangu ametusimamisha sebuleni, tukaapa mbele yake kwamba hakuna atakayegusa kidhibiti chochote bila kumwambia mwenzake. Tumeapa kwa dhati. Siku nzuri sana.

Jumatatu, 11 Machi

Imekuja mashine ya kubandika lebo. Kampuni ya tatu, kisanduku cha njano! Shemeji, ndani ya koti jipya la mkuu, ameagiza kwamba baada ya chakula tutaketi pamoja na kitabu, na kabla ya hapo mtu asiguse kitu. Nimeitikia kwa moyo wote.

Lakini amechoka, maskini. Ukuu umeanza kumlemea. Nikapenya nyuma ya mashine, nikageuza kitu kidogo tu, nusu dakika, ili akute mambo yametulia. Hana haja ya kujua.

Wakati natoka, nikamkuta naye anatokea upande wa pili, anafuta mikono kwa kitambaa, uso unang'aa. Nikamwuliza kama amegusa. Akasema hata kidogo. Akaniuliza na mimi. Nikasema hata kidogo. Tukapeana mikono.

Saa nane tunaiwasha mbele ya meneja, na kwa mara ya kwanza sina wasiwasi wowote.