Ronald, Mwanga wa Shela

Ilikuwa mwaka wa 2021. La, nasema uongo! 2021 watu tulikuwa bado na barakoa, na mtu mwenye barakoa hacheki vizuri, nasi kisa hiki tulikicheka mpaka magego yakapigwa na upepo. Basi ni 2022. Wapi! 2022 ilikuwa ya kura, tulikuwa tunachekana wenyewe kwa wenyewe. Ni 2023, sasa nimeipata: mwaka ambao Ronald aliazimia kupanda milima katika kisiwa cha Lamu!

Milima gani, Mola ndiye ajuaye. Kisiwa chenyewe ukisimama juu ya kiti unakiona chote. Kilichoinuka hapa ni yale marundo ya mchanga nyuma ya kijiji cha Shela, nayo upepo huyahamisha kama mpangaji asiyelipa kodi. Lakini Ronald alikuwa ameshuka kutoka bara na baiskeli ya mlimani, yenye gia nyingi kuliko kazi alizowahi kuzimaliza, na mtu akiwa na baiskeli ya mlimani, mlima lazima upatikane!

Kazi yake ilikuwa kugawa taulo hotelini, pale Shela. Mgeni akitoka majini, Ronald yuko pale na taulo. Mgeni akirudi majini, Ronald anaikunja taulo. Wenzake wakamwita Bwana Taulo, na jina hilo lilimchoma kuliko jua la adhuhuri. Usiku akilala aliota anafukuzwa na taulo, kubwa kama tanga, inamwita kwa jina.

Basi siku moja Bi Michelle, meneja, akawakusanya wafanyakazi.

"Wageni wanataka kuzungushwa kwa baiskeli baada ya magharibi, kule kwa mchanga. Nani anaweza kuwaongoza?"

"Mimi!" Ronald alijibu kabla swali halijatua. "Madam, mimi na giza ni kama mtu na shemeji yake. Tunaheshimiana."

"Uko na taa?"

"Nitaleta taa, mwezi uombe ruhusa ya kupumzika!"

Bi Michelle akamtazama kama anavyotazama samaki wa jana. "Sawa. Alhamisi utapeleka wageni wawili. Wakirudi wamefurahi, wewe ndio kiongozi wa safari za usiku. Wakirudi wamenuna, unarudi kwa taulo, na sitaki kusikia neno baiskeli tena mpaka nistaafu."

Ronald akapiga mbio mpaka Amu, mjini, kwa Mahir, mwenye duka la vikorokoro pale Usita wa Mui, njia kuu ya mji. Mahir ni mtu ambaye angekuuzia kivuli chako mwenyewe na akuombe umletee mfuko. Akampangia taa juu ya meza.

Hapa ndipo mtu mwenye akili huuliza maswali. Inakaa na chaji mpaka lini? Inashikwa kwenye usukani na chuma au na plastiki? Chumvi ya bahari inaiweza? Inamwaga nuru pana mbele ya gurudumu, au inachoma shimo moja tu kule mbali? Na ikizimika, ya pili iko wapi, ile ya kofia?

Ronald aliuliza swali moja tu, la ukali wa nuru. "Iko na lumeni ngapi?"

"Hii ndogo ni mia nane," Mahir akasema. "Inashikwa na chuma. Inakwenda usiku kucha."

"Mia nane? Hiyo si ya kutafutia kiatu chini ya kitanda?"

Mahir akamsoma mtu wake, akatabasamu. Akainama, akatoa boksi lenye picha ya simba anayeungua.

"Basi hii, Bwana Ronald. Lumeni elfu hamsini. Sikutaka kukuonyesha, nilikuhurumia. Hii ukiielekeza uwanja wa Manda, ndege itatua bila kuitwa."

"Elfu hamsini!"

"Wameandika wenyewe. Mimi ni nani nimkanushe simba?"

Kishikio chake kilikuwa cha plastiki laini kama sikio la mtoto. Ronald hakukitazama. Alikuwa anamtazama simba.

Toka hapo Shela haikulala kwa majigambo. Ronald alipita kila kichochoro amebeba boksi lake, anatangaza: "Alhamisi usiku mtaniona! Mimi ndio mwanga wa Shela!"

Sasa, huko kwao Ronald mwanga ni mwanga, ule utokao kwenye taa, basi. Huku pwani ni huo pia. Lakini mwanga vilevile ni yule mchawi atokaye usiku, uchi, mweupe kwa majivu, akenda kuwachezea watu ngoma milangoni mwao. Na mwanga wa namna hiyo, katika historia yote ya ulimwengu, hajawahi kutaja siku atakayotoka!

Wanawake wakavuta watoto ndani. Muuza mahamri akamjazia mfuko akamwambia, "Chukua, Bwana, chukua yote, ila usinitazame." Fundi aliyekuwa juu ya ngazi akashuka upande usio na ngazi.

"Waona?" Ronald alijiambia, mahamri yamemjaa kinywani. "Ukiwa na taa, watu wanakuheshimu."

Alhamisi ikafika. Ronald alivaa nguo ya waendesha baiskeli, ya kubana, rangi ya ngozi yake kabisa, mtu wa mbali asijue nguo imeishia wapi na Ronald ameanzia wapi. Mbu wa Shela anawajua, akajipaka mafuta toka utosini mpaka kwenye nyayo, akang'ara kama sambusa. Wageni, mume na mke kutoka nchi ya baridi, walikuja na taa zao ndogo, moja ya usukani na moja ya kofia kila mtu. Ronald akazionea huruma.

"Nyinyi zimeni hizo," akawaambia. "Mimi natosha."

Hawakuzima. Waliolelewa vizuri wanajulikana.

Ronald akabonyeza. Toba! Ukuta wa mtaa ukawa mweupe kama kanzu ya Idi. Jogoo akawika. Punda aliyekuwa amelala ukutani akainuka, akaona kumekucha, akaenda kazini peke yake! Ronald akaingia mchangani kifua mbele kama anayekwenda kupokea nchi.

Kupanda, baiskeli ilizama, akaisukuma akisema hayo ndiyo mazoezi. Juu akageuka, akainua mkono.

"Nifuateni! Fuateni mwanga!"

Akateremka. Baiskeli ikaruka mara moja, ikaruka mara ya pili, na kile kishikio cha plastiki kikaanza kuinamisha shingo polepole kama mtu anayesinzia katika hotuba ya mheshimiwa. Taa ikaiacha njia. Ikageuka. Ikamulika magoti ya Ronald! Lumeni zote elfu hamsini zikakusanyika kwenye magoti mawili, yakaonekana mpaka vinyweleo, na mbele yake dunia nzima ikawa wino. Kisha simba akakohoa, akazimika.

Baiskeli ilikwenda upande wake, Ronald akenda wake. Alibingirika mteremko mzima, na kwa yale mafuta, kila chembe ya mchanga aliyoipita aliondoka nayo. Aliposimama chini alikuwa mweupe toka kichwani mpaka miguuni kama kaimati lililozidishwa sukari. Viatu havikuwapo. Kofia haikuwapo.

Akaiona taa ndani ya nyumba, mwisho wa kijiji. Nyumba ya Bi Mwanamkisi. Akaikimbilia, mikono mbele, akaupiga mlango.

"Hodi! Hodi, mama!"

"Nani usiku huu?" Bi Mwanamkisi aliuliza kutoka ndani.

"Ni mimi! Ile mwanga!"

Komeo la pili likasukumwa. Hata mende waliacha kutembea.

"Nani?"

"Mwanga, mama! Mwanga ya hoteli! Imezima hapo kwa mchanga, nisaidie hata na nyingine ndogo!"

"Audhubillahi! Wako wangapi kwani?"

Bi Mwanamkisi akafungua dirisha la juu, akatupa jicho chini, akamwona kiumbe mweupe, uchi, anameremeta. Hakuuliza tena. Ndoo nzima ya maji aliyorowekea kunde ikamshukia Ronald kichwani.

"Nimwene!" mama akapiga ukelele kwa Kiamu chake, akiwaita watu waje waone. "Nimwene kwa mato yangu! Ndooni, jamani, mwanga yuko mlangoni kwangu, na hodi apiga!"

Mtaa ukamiminika. Mwenye ufagio, mwenye kasia, mwenye kusoma dua. Ronald akazunguka nyumba mara kadhaa, kunde zimemganda masikioni, akilia, "Mimi ni wa taulo! Mimi ni wa taulo!" Jina alilolikataa mwaka mzima akalitangaza mwenyewe mbele ya Shela yote, na lilimwokoa, kwa maana mtu mmoja alimtambua kwa sauti, akawazuia wenzake huku akicheka mpaka akakaa chini.

Na wageni? Walikuwa juu ya mchanga, na taa zao ndogo zinawaka vizuri, wanapiga picha. Walirudi hotelini wanalia kwa furaha. Bi Michelle, wakasema, tumezunguka dunia nzima, mchezo kama ule hatujauona!

Asubuhi Bi Michelle akamwita Ronald, ambaye bado alikuwa anatoa mchanga masikioni.

"Hongera. Umetoka kwa taulo."

Ronald akakiinua kifua kilichobaki. "Nilisema, Madam! Kiongozi wa safari!"

"Kiongozi ni mtu mwingine, na taa ni zile za mia nane. Wewe kazi yako ni kila Alhamisi, unapakwa unga, unajificha nyuma ya mchanga, wageni wakifika unawatokea. Bi Mwanamkisi nimeongea naye, atakuwa na ndoo yake."

"Na taa yangu?"

"Mwanga gani anatembea na taa, Ronald?"

Akaufikiria ule mteremko, na giza lake, na miguu yake mitupu. Akamfuata Bi Michelle mpaka ofisini, akamfuata jikoni, akamfuata hata gatini alipokuwa anapanda boti kwenda Amu, akamuuliza, na mpaka leo hakuna aliyemjibu:

"Sasa mimi nitaonaje njia?"