Waliotoroka kwa Bomba

Redio ya Spika haijamaliza taarifa ya habari, benchi la kahawa limeshawaka. Mtangazaji kasema kuna viwango vya kimataifa vya ufugaji wa samaki: wasirundikwe, maji yawe safi, dawa zisitumike ovyo, na anayewahudumia apewe viatu vya mpira na muda wa kupumzika.

"Wasirundikwe!" Pasi, dobi wetu, akajipiga paja. "Mimi, mke wangu, watoto na mama mkwe tumo chumba kimoja!"

"Omba uote mapezi," Spika akamjibu. Ni fundi redio. Kwake kila kinachosemwa hewani ni amri.

"Maji safi, jamani!" Pasi akaendelea. "Bomba letu likikohoa tone moja tunashangilia kama goli."

"Na mapumziko je?" akadakia Wembe, kinyozi. "Mimi nani ananipumzisha?" Ng'ambo ya njia mteja wake alikuwa bado kitini, nusu ya kichwa imenyolewa.

Shangazi, mwenye benchi, hakucheka. Mkaguzi alikuwa anakuja kutazama bwawa lake nyuma ya nyumba. Akipata cheti, shule ya bweni itachukua samaki wake mwaka mzima. Akikosa, atabaki na sisi, tunaobonyeza samaki mpaka wanachoka, tusinunue.

"Hofu ya nini, Shangazi?" nikamwambia, nimempakata mwanangu mdogo. "Bwawa lako linang'aa kuliko bafu langu."

"Wanapungua, mwanangu. Nawalisha, wanapungua. Akiniuliza?"

"Si walitoroka?" Spika akashangaa. "Wembe aliwaona siku ya ile mvua kubwa! Wakapita kwenye bomba la kutolea maji, mstari mmoja hadi mtoni. Eti wa mbele akageuka kuhesabu wenzake."

"Huyo wa mbele," Pasi akauliza, "alikuwa na filimbi?"

Wembe akakohoa. "Tuyaache hayo."

Mkaguzi akafika, dada mmoja mpole mwenye mkoba begani. Akazunguka bwawa na Shangazi, wakarudi wote wakitabasamu.

"Maji mazuri, nafasi wanayo, dawa hakuna. Limebaki moja, kuwasikia majirani. Kuna samaki aliyewahi kutorokea mtoni?"

Spika akasimama, kifua mbele. "Wengi tu! Shahidi huyu hapa."

Tabasamu la mkaguzi likazimika. "Basi cheti sitakupa, Shangazi. Samaki hawa si wa mto huu. Wakiingia, watawamaliza samaki wenyeji. Hilo halina msamaha."

Shangazi alikuwa ameinua birika, akasahau kumimina. Hata mwanangu, aliyekuwa akitafuna kijiko mapajani mwangu, aliacha.

"Spika," Pasi akanong'ona, "zima redio, kisha zima na mdomo."

"Dada mkaguzi..." Sauti ya Wembe ilikuwa ya mtoto aliyevunja glasi. "Hawakutoroka."

"Si uliwaona kwenye bomba?" Spika akamuuliza.

"Niliwaona kwenye sufuria."

"Sufuria ya nani?"

"Yangu. Uzio una pengo nyuma ya choo. Mke wangu alikuwa mjamzito, ana hamu ya samaki..."

"Wembe!" Pasi akaruka. "Mkeo alijifungua mwaka juzi!"

"Hamu ilibaki kwangu."

Mkaguzi akarudi bwawani kuutazama tena wavu uliofunika bomba la kutolea maji. Mzima, hauna tundu. Aliporudi akamuuliza Wembe, "Una hakika hakuna aliyefika mtoni?"

"Dada yangu, hawakufika hata mezani. Niliwala jikoni, nimesimama."

"Vizuri sana!" Sijapata kuona mwizi akipongezwa vile. "Wizi si utoroko. Shangazi, ziba pengo, weka mlinzi, cheti ni chako."

Alipoondoka, Wembe akaanza kunyata kuelekea kwa mteja wake.

"Kaa."

"Shangazi, nisamehe, kuna mtu ana nusu kichwa pale..."

"Mkamalize, kisha uje uzibe pengo. Mlinzi nimeshampata. Nani anazijua njia za bwawa langu kama wewe?"

Pasi akamwangukia Spika kwa kicheko. Wembe akatazama kushoto, akatazama kulia, akajinyoosha shati.

"Sawa. Ila kwa viwango vya kimataifa. Viatu vya mpira."

"Utapata."

"Mapumziko."

"Utapata."

"Na chakula cha kazini?"

Shangazi akammiminia kahawa, akicheka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Maharage."