Kampuni ya Mbegu Yenye Friza Moja

Jumanne, 5 Agosti 2025

Kampuni imekua. Jana ilikuwa na idara moja, leo ina mbili: Utafiti na Mawasiliano. Utafiti iko upande wa dirisha, Mawasiliano upande wa mlango. Katikati kuna friza, na hiyo ndiyo maabara. Mfanyakazi ni mimi.

Bi Muzdalifa, mwenye nyumba, ameniuliza nimeajiri watu wangapi. Nikamwambia kumi na wawili. Akasema ajabu, maana yeye anakaa chini yangu na kila siku anasikia ndara za mtu mmoja tu. Nikamwambia wengine wapo mashambani. Akaniangalia kwa huruma, akanipa bakuli la mchuzi. Nimelirudisha bakuli, mchuzi nimeula.

Habari kubwa: barua. Shirika moja la Dar linatafuta kampuni ya kugawa mbegu bora za mwani katika vijiji vitano vya Unguja. Mwani mnene, ule wenye bei, unakufa kwa joto la bahari, kila mtu anajua. Ofisa wao, Bi Nasima, atakuja mwenyewe kukagua kampuni mbili. Moja ni yangu, Unguja Mbegu na Bayoteknolojia ya Kimataifa. Ya pili ni ya Nadir.

Nadir! Miaka mitatu nyuma alikuwa anakaa hapa hapa Mkunazini, kwenye hiki kiti kingine. Tuliianza kampuni wawili. Yeye sayansi, mimi uongozi. Mke wangu alikuwa ameshaondoka, watoto hatukujaaliwa, lakini kila siku saa saba tulikula wali juu ya kifuniko cha friza, na sikuona upungufu. Kisha nikachapisha kadi. Yangu iliandikwa Mkurugenzi Mkuu. Yake iliandikwa Msaidizi wa Maabara. Aliisoma, akacheka kidogo kidogo kama anavyocheka, akaitia mfukoni. Wiki ya pili akahamia Uroa na chupa zake zote. Mpaka leo sijui kilichomuudhi. Nadhani ni karatasi, ilikuwa nyepesi.

Nikiupata mkataba huu, Nadir atarudi. Hilo ndilo ninalolitaka. Mkataba wenyewe nitautafutia mahali pa kuuweka.

Jumapili, 10 Agosti

Nimekwenda Uroa kutafuta mbegu. Mpango ni mwepesi: nanunua mwani wa kawaida, naukata vipande, natia kwenye chupa, nabandika lebo. Nani atajua haukuzaliwa maabara?

Nimefika saa nne. Bahari imekauka mpaka mwambani, na wanawake wapo mbali kule wanafunga mwani kwenye kamba kwa tai-tai, vile vikamba vyembamba vya plastiki. Nimeandika kwenye daftari la utafiti: Uroa, bahari hukauka saa nne.

Nikamwamkia Bi Mwatum, kiongozi wa kikundi chao. Akaitikia marahaba, akaniuliza mtu wa mjini nimefuata nini matopeni na viatu vya ngozi. Nikamuuliza bei ya mbegu. Hakufahamu. Nikarudia. Akawaita wenzake waje wasikie, kuna bwana anataka kununua mbegu. Walicheka mpaka mmoja akakaa majini. Bi Mwatum akanieleza kwamba mbegu ya mwani haiuzwi, inaombwa. Ukifiwa na shamba, jirani anakupa, na wewe utampa mwingine yakimfika. Akanijazia polo zima la mbegu, bure.

Nimesikitika sana. Kampuni ya mbegu itaishi vipi mahali ambapo watu wanapeana mbegu? Nimeandika: kikwazo cha soko.

Wakati wa kurudi nikapita karibu na jengo la Nadir. Paa jipya. Matangi ya maji nje, mipira ya kupitisha hewa inachemsha mapovu. Nimehesabu viatu mlangoni: jozi kumi na moja. Ndani walikuwa wanacheka. Ningeingia, lakini nilikuwa na haraka.

Nimefika nyumbani saa nane, sikuwa na la kufanya mpaka usiku.

Jumatano, 13 Agosti

Siku ya maabara. Mwani ulikuwa na mchanga na chumvi, nimeuosha mara saba kwa maji ya mfereji. Nimeupanga kwenye chupa arubaini za jamu na kuzijaza maji safi, matamu, tena baridi kutoka kwenye friza. Nadir anatumia maji ya bahari. Ndiyo maana ana chupa nyingi na hana hadhi.

Lebo: Mbegu M-1. Herufi M ni ya Muhiddin, yaani mimi.

Bi Nasima kapiga simu. Sauti ya kistaarabu. Kaniuliza siku gani inafaa kuliona shamba letu. Nimetazama kalenda ya ukutani, nikaona Jumatatu ya tarehe kumi na nane haina kitu. Kwa kweli siku zote hazina kitu. Nikamwambia Jumatatu, saa nne. Akauliza kama maji yatakuwa yametoka. Nikamjibu kampuni ya kimataifa haiombi ruhusa kwa bahari. Akaniomba nirudie. Nafikiri alivutiwa.

Shamba sina, lakini Bi Mwatum analo. Nitalionesha kwa mbali kwa kidole, na kidole hakisemi la nani.

Jioni nimemwandikia Nadir ujumbe. Wa kwanza ulikuwa mrefu, nikafuta. Wa pili ulikuwa wa kisheria, nikafuta. Wa tatu ulisema nimekukosa, huo nimeufuta haraka nikaweka simu chini ya mto. Mwisho nimetuma: Habari. Akajibu hapo hapo: Nzuri, vipi wewe? Sijamjibu. Mkurugenzi akijibu upesi anaonekana hana kazi.

Jumamosi, 16 Agosti

Mwani umekuwa mweupe. Chupa zote arubaini. Tena unateleza, na ukiushika unabaki kwenye vidole. Harufu imeshuka ngazi mpaka kwa Bi Muzdalifa, akaja na ubani na kuuliza nani kafa. Nikamwambia ni sayansi. Akasema mwani ni kiumbe wa chumvi, ukimtia maji matamu unamuua, hata yeye ambaye hajasoma anajua. Akafungua madirisha yote, akashuka.

Nilikaa kidogo juu ya friza. Kisha nikapata wazo. Kwani nani kasema mwani lazima uwe na rangi? Nimebandua lebo, nimeandika mpya: M-2, Mwani Mweupe, aina adimu.

Kampuni sasa ina bidhaa mbili kwa wiki moja. Nadir imemchukua miaka mitatu kupata moja.

Nimemjibu: Nzuri sana. Tumekua.

Jumatatu, 18 Agosti

Sitaki kuandika. Naandika.

Nimempeleka Bi Nasima kwa gari ya kukodi, mimi nimevaa suti. Viti vya plastiki vinne, meza, kitambaa, chupa arubaini. Tumefika Uroa saa nne barabara. Bahari imejaa mpaka mchangani. Hakuna mwamba, hakuna vijiti, hakuna mwanamke hata mmoja. Maji matupu.

Nikakimbilia kwa Bi Mwatum. Nimemkuta uani anapepeta mchele. Akaniuliza leo mwezi ngapi. Nikasema kumi na nane. Akasema hamuulizi Mzungu na kalenda yake, anamuuliza mwezi wa angani. Leo ni ishirini na tatu Mfungo Tano, maji mafu, bahari haikauki, shambani hakwendeki siku kadhaa, hata mtoto wa chekechea hamleti mgeni siku kama hii. Siku ile nilipokuja ilikuwa bamvua, maji yanapotoka mpaka mwambani. Nikamwambia mimi mtu wa mjini. Akasema mji nao uko kwenye kisiwa hiki hiki.

Nikarudi kwa Bi Nasima na kumweleza kwamba shamba letu lipo chini ya maji kwa makusudi, ni teknolojia. Akaomba kuliona. Nikavua viatu, nikaingia na suti. Magotini, kiunoni, kifuani. Nikapiga mbizi mara mbili. Nimerudi na kipande cha kamba, sijui cha nani. Nikamkabidhi kwa mikono miwili. Yeye wakati huo alikuwa amefungua chupa moja ya M-2, akaifunga tena, akasogeza kiti chake mbali na meza.

Ndipo akatokea Nadir. Amenenepa kidogo, kamfaa. Angeweza kunimaliza. Maneno mawili tu yangetosha, mwani umekufa, na ningekuwa kichekesho mpaka Kizimkazi. Badala yake kanivisha kikoi mabegani, kaniletea chai, kisha kamwambia Bi Nasima kwamba mimi na yeye tuliianza kazi hii juu ya friza moja, na bila ya mimi asingethubutu kuacha ualimu. Nilitazama chai. Macho yaliniuma, nadhani ni chumvi.

Akatupeleka ndani. Miche midogo kama punje za bizari, imepandwa kwenye nyuzi, safu kwa safu, yote imestahimili maji ya joto. Wafanyakazi wanaitana kwa majina. Bi Nasima aliuliza, aliandika, alitabasamu. Mkataba ni wa Nadir, sina haja ya kusubiri barua.

Tulipokuwa tunaagana Nadir akaniambia kuna nafasi. Anahitaji mtu wa kuzunguka vijijini kuzungumza na akina mama, na mimi maneno sijambo. Saa saba wote wanakula sinia moja. Akasema nije Ijumaa baada ya sala, nianze kwa kula, kazi baadaye.

Jumatano, 20 Agosti

Siku mbili sijazungumza na mtu ila Bi Muzdalifa, naye kupitia sakafuni, kuuliza kama nimezitupa zile chupa.

Nataka kwenda. Naandika wazi kwa kuwa hakuna anayesoma. Nimechoka kupika kikombe kimoja cha mchele. Nimechoka kusikia ndara zangu mwenyewe.

Lakini nimelifikiri jambo hili kitaalamu. Kwa nini Nadir aniite? Mtu aliyefanikiwa hamwiti aliyeshindwa. Kwa hiyo amekwama. Kwa hiyo ananihitaji. Kwa hiyo nina nguvu ya kupanga masharti. Nimemtumia matatu: jina la kampuni liongezwe "ya Kimataifa", kiti changu kiwe na mikono, na cheo kiwe Mkurugenzi Mkuu.

Kajibu kwamba vyeo hawana, viti ni mikeka, na jina watu wameshalizoea. Kisha kaandika: njoo tu ule, Muhiddin.

Ni dhahiri anayumba.

Ijumaa, 22 Agosti

Nimevaa kanzu mpya na kofia ya viua. Nimeswali, nimekwenda kituoni Darajani. Gari ya Uroa ikaja, nikaiacha. Mkurugenzi anatumiwa gari. Ikaja ya pili, nikaiacha. Ya tatu kondakta alinishika mkono kabisa, akasema nafasi ipo, mzee. Hilo la mzee ndilo lililoharibu.

Nimerudi nyumbani. Saa nane nimekaa juu ya friza na mkate wa mofa na chai. Simu ikalia. Nadir. Nikaamua niiache ilie mara tano, asidhani nilikuwa naisubiri. Ilikatika mara ya nne.

Nimekaa nayo mkononi mpaka alasiri. Ningeweza kumpigia mimi, lakini hapo ingekuwa nani anamhitaji nani?

Bi Muzdalifa kaniuliza kupitia sakafuni mbona leo kimya. Nikamwambia tupo kwenye kikao.

Jumapili, 24 Agosti

Nimeamka na nguvu mpya. Kosa lote la mwezi huu nimeligundua: mwani. Mmea gani unaishi baharini? Kampuni inahamia kwenye vanila. Miche ya vanila ya maabara, M-3. Idara zimekuwa tatu. Ya Vanila nimeiweka nyuma ya pazia.

Ila peke yangu sitaweza, nalikubali hilo kwa moyo mkunjufu. Nimeandika tangazo la kubandika Darajani na Mkunazini:

Kampuni kubwa ya mbegu inatafuta mshirika. Awe anajua sayansi, mwenye subira. Awe anacheka kidogo kidogo, bila kumdhalilisha mtu. Apende wali wa saa saba. Akitokea Uroa atafikiriwa kwanza. Cheo chake: Msaidizi wa Maabara. Maombi yaletwe kwa mkono, chumba cha juu, Mkunazini. Ofisi iko wazi siku zote, hata Jumapili, hata sikukuu. Asibishe hodi, aingie tu. Nipo.